Mwimbaji Asiyewahi Kunyoa Ndevu

Mpelelezi hakuupenda muziki. Alilisema hilo bila haya, hata mbele ya watu waliofumba macho wakisikiliza. Masikio yake alikuwa ameyafunza kazi nyingine: kumsikia mtu anayemeza mate kabla ya kujibu, au anayejibu swali ambalo hajaulizwa. Ndiyo maana kesi hii ya sauti ilipoangukia mezani kwake, alidhani kuna mtu anamtania.

Sasa kesi ilikuwa ukingoni. Gramafoni ya kubebea mkononi, aliyoiazima kwa muuza santuri za zamani, ilikaa mezani katikati ya mafaili, na santuri ndogo ilizunguka juu yake. Pazia la dirisha lilijaa upepo, likapungua, likajaa tena. Kinanda kilivuta sauti ndefu za kulaza mtu, kama zile za kanisani ibada ikishakwisha na watu hawataki kutoka. Nyuma yake ngoma zilitembea bila haraka yoyote. Juu ya vyote ilikuwapo sauti ya mwanamume, nzito na laini, ikisema bado amelala, asiamshwe.

Wimbo wenyewe uliitwa hivyo, "Bado Nimelala". Ulikuwa umesahauliwa kwa miaka mingi, mpaka wakusanyaji wa fanki na jazi ya kale walipoufukua kwenye maboksi yenye vumbi. Sasa ulitoka kwenye kila dirisha la mtaa. Watu walisimama njiani kuusikiliza, wakasahau walikokuwa wakienda. Hata mpelelezi, asiyeupenda muziki, alijikuta akikoroga kikombe chake muda mrefu baada ya sukari kuyeyuka.

Lebo ya santuri haikumtaja mwimbaji. Ilikuwa na jina la wimbo, jina la bendi na mwendo wa kuchezea, basi. Lakini katikati ya wimbo, kabla kinanda hakijashika usukani, mwimbaji hupaza sauti: "Haya, Baba Moto!" Watu waliamua kwamba anajitaja mwenyewe, na jina likamganda.

Baba Moto huyo alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, mkoba wa nguo miguuni. Alikuwa mzee mtanashati, shati limepigwa pasi, ndevu nyeupe zimemfika kifuani.

"Mzee," mpelelezi alisema, "kabla hujaondoka, niimbie kidogo. Pamoja na santuri."

"Hapa? Bila hata maji ya uvuguvugu?"

"Niridhishe tu. Nataka nifunge faili."

Mzee alicheka, akakohoa, akaimba. Mpelelezi alimtazama kwa makini, akakiri moyoni kwamba sauti zile mbili zilifanana kama ndugu wa tumbo moja. Kisha ukaja ule mstari mrefu, ambapo neno la mwisho huvutwa na kuvutwa. Mwimbaji wa kwenye santuri aliendelea nalo. Mzee alikwama njiani, akashika meza, akabaki kinywa wazi.

"Tena," mpelelezi alisema, akirudisha sindano nyuma.

Mara ya pili pumzi ilimkatikia mahali pale pale.

"Umri, mwanangu," mzee alisema akijipepea. "Ujana ni moshi."

"Bila shaka. Wenzako kwenye bendi walikuwa akina nani?"

"Aa, wengi. Wengine wametangulia mbele ya haki."

"Nitajie mmoja."

"Mpiga ngoma."

"Mlimwitaje?"

Mzee alizikuna ndevu. "Tulimwita... Mpiga Ngoma."

Teksi ilipiga honi chini. Mzee alichukua mkoba wake, akaaga kwa heshima zote, akashuka ngazi akiimba kwa sauti ya chini. Alikuwa anakwenda kwa binti yake.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito wote wa jambo hili. Binti huyo alikuwa mfamasia, mwanamke wa makamo aliyekuja ofisini humo na ombi moja tu: nitafutie baba yangu. Mama yake, mshonaji wa nguo, alikuwa ameahidi kumweleza kila kitu siku ya harusi ya binti huyo, na hakuifikia siku hiyo. Alichomwachia ni santuri, pamoja na maneno mawili. La kwanza: "Baba yako yumo humo." La pili alilisema kila mara wageni walipoisifu sauti ya mwimbaji. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akasema, "Huyo mnayemsifu hajanyoa ndevu hata siku moja."

Kwa maneno hayo mpelelezi alitafuta mzee mwenye sauti nzito na ndevu ndefu, akampata akiimba kwenye ukumbi wa wastaafu. Alikuwa na sauti, alikuwa na ndevu, na nyumbani kwake alikuwa na lebo tatu za santuri ile ile, mpya, ambazo hazijawahi kubandikwa popote. Ni nani angekuwa na kitu kama hicho kama si mwenyewe? Alipoulizwa kuhusu mama wa mfamasia, alisema wanawake walikuwa wengi siku hizo na kumbukumbu si rafiki wa mtu. Basi mpelelezi akampelekea mfamasia habari kwamba baba amepatikana. Mfamasia alikipaka rangi chumba cha nyuma, akanunua kitanda, na jioni ya leo angewaita wanawe waje kumsalimu babu.

Teksi ilipotokomea, mpelelezi alifunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, kwa sababu alichotaka kufanya hakikuwa cha kuonwa na watu. Alijaza mapafu hewa, akairudisha sindano kwenye mstari ule mrefu, akaanza kuitoa hewa polepole, bila hata kuimba. Alipoanza kuona nyota, mwimbaji wa kwenye santuri alikuwa bado anaendelea, hana wasiwasi.

Si umri huo, alijisemea akihema. Hata kijana hawezi.

Alifunga gramafoni, akaichukua. Muuza santuri alikuwa amemwelekeza kwa mwanabendi mmoja wa mwisho aliye hai, mpiga saksofoni ambaye sasa ni dobi, na alikuwa amepanga kumwonyesha picha ya Baba Moto kwa ajili ya kukamilisha faili tu. Sasa alikwenda akiwa na sababu nyingine.

Ndani ya duka la dobi, mvuke ulifanya kila kitu kionekane kiko mbali. Mashuka yalining'inia toka darini mpaka karibu na sakafu, na jua la mchana lilipita ndani yake likawa jeupe, tulivu. Mzee dobi alikuwa mwembamba, mrefu, hana meno ya mbele. Aliinua picha mpaka kwenye mwanga.

"Simjui."

"Ni miaka mingi, mzee. Mtoe ndevu."

Alifumba jicho moja. "Nimemtoa. Bado simjui."

"Ndiye aliyeimba 'Bado Nimelala'."

Dobi aliiweka picha juu ya rundo la mito. "Nani kakudanganya? Aliyeimba ni Chiriku. Msichana. Tulimwita hivyo kwa sababu hakunyamaza, kama si kuimba basi kusema."

"Msichana?" Mpelelezi alifungua gramafoni juu ya meza ya kupigia pasi. "Basi sikiliza, uniambie huyu ni msichana gani."

Sindano ilishuka. Sauti nzito ikajaa chumbani, ikatembea kati ya mashuka. Dobi aliendelea kupiga pasi, lakini uso wake ulikuwa umejikunja.

"Huo naujua," alisema. "Huo unaopigwa madirishani. Huo si wetu, binti. Jina la bendi ni letu, maneno ni yetu, lakini walioimba na kupiga ni watu wengine. Tulirekodi, bendi ikavunjika, wenye studio wakatufuta wakawaita wengine. Mara ya kwanza kuusikia redioni nilizima redio. Nimeizima mpaka leo."

"Una hakika?"

"Huyo ni dume. Chiriku alikuwa dume?"

"Na saksofoni?"

"Subiri mwisho." Walisubiri mpaka saksofoni iliposhuka, ikashuka, ikatua kwenye noti moja nene ya kufungia. "Umeisikia hiyo? Mimi nilipiga saksofoni ndogo. Ndogo haishuki huko, hata ukiipigia magoti. Noti hiyo haimo ndani yake."

"Labda umesahau."

"Mwanangu, meno yangu nimesahau nilikoyaweka. Saksofoni yangu sijaisahau."

Mpelelezi alikaa kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza aliona njia inayoeleweka: bendi ya pili, mwimbaji wa pili, mwanamume, naye ni Baba Moto. Ingeeleza kwa nini mzee hawajui wenzake wa bendi ya kwanza. Lakini ile pumzi isingeelezeka kwa njia hiyo. Wimbo wa bendi ya pili nao ungeimbwa na binadamu mwenye mapafu mawili.

"Na Chiriku alipousikia alisema nini?"

"Hilo ndilo lililoniudhi. Nilimwendea nikitokwa povu. Nikamwambia dada, wametufuta. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, 'Sikiliza vizuri, kaka.' Nikaona msiba wa mwenzetu umemvuruga akili, nikaenda zangu. Sikurudi tena."

"Nipigie ulivyopiga wewe siku ile. Kwa mdomo tu."

"Bila meno?"

"Hivyo hivyo."

Dobi alitazama mlangoni kama hakuna mteja, akaweka pasi kando, akaanza. Mguu wake ulipiga sakafu haraka haraka, mabega yakacheza, na mdomo wake uliopungukiwa meno ukatoa mlio wa ajabu, mkali, wenye kichekesho. Haukuwa wimbo wa kulaza mtu. Ulikuwa wimbo wa kumtoa mtu kitandani kwa miguu yake mwenyewe.

"Tuliuita 'Bado Nimelala' kwa mzaha," alisema akihema. "Maana hakuna ambaye angelala ukipigwa."

Mpelelezi hakuwa na sikio la muziki, lakini mashahidi aliwajua. Aliwahi kuwa na mashahidi wawili waliosema maneno yale yale, mmoja akiburuta kwa woga, mwingine akiyatapika kwa hasira, mpaka karani akaandika habari mbili. Kumbe ilikuwa moja. Tuni ya dobi ilipanda pale pale ilipopanda ile ya santuri, ikapinda pale pale ilipopinda. Tofauti ilikuwa mwendo peke yake.

Pumzi ndefu kuliko mapafu ya mtu. Saksofoni inayoshuka chini kuliko inavyoweza. Na mwimbaji ambaye hajanyoa ndevu hata siku moja. Hapo mpelelezi alijipiga paji la uso kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka dobi akashtuka. Yeye mzima, na miaka yake yote ya kusikiliza watu, aliambiwa mtu hanyoi ndevu akaenda kutafuta mwenye ndevu nyingi!

Aliinama kuisoma lebo. Mwendo: mizunguko thelathini na tatu kwa dakika. Ubavuni mwa gramafoni palikuwa na swichi ndogo, na tarakimu nyingine kando yake: arobaini na tano. Aliisukuma, akairudisha sindano mwanzo.

Kinanda kiliruka. Ngoma zikaja mbio, gitaa likawa linakwaruza kwa furaha, na sauti ikaingia. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, nene kidogo, yenye ukali wa tangawizi na kicheko kilichojificha nyuma ya kila neno. Bado nimelala, aliimba, na ungeapa kwamba alikuwa amesimama juu ya kitanda.

Pasi ilianza kuunguza shati la mtu. Dobi hakuiona.

"Chiriku," alisema. Kisha saksofoni ikaingia, na mzee akajishika kifua kwa mikono yote miwili. "Huyo mimi! Binti, huyo ni mimi! Hawakunifuta!"

Alilia waziwazi, bila kujificha, akifuta machozi kwa foronya ya mteja. Mpelelezi aliinua pasi, akamwacha aendelee kulia. Alimhurumia sana. Hata hivyo alikuwa na swali, na kazi ni kazi.

Ubeti wa pili ulipokaribia kwisha, dobi alinyoosha mkono ghafla, akainua sindano.

"Kinachofuata ni kinanda. Huko usinipeleke."

"Kwa nini?"

"Aliyekipiga alikuwa rafiki yangu. Tulimwita Polepole, maana alisema neno moja asubuhi na la pili jioni. Lakini vidole vyake, we! Alikufa barabarani, tukielekea kwenye dansi, kabla santuri haijatoka. Ndiyo ikawa mwisho wa bendi." Alikaa. "Polepole hakuwahi kukosea, ila siku ile ya kurekodi. Ilipofika zamu yake, hakuingia. Akachelewa, tukatazamana, kisha akaingia kama mtu aliyepandwa na wazimu. Tulipomaliza tukataka turudie. Akakataa katakata. Alisema, 'Msiguse. Iacheni kama ilivyo.' Maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema."

"Nini kilimchelewesha?"

"Sijui mpaka leo."

"Chiriku alikuwa wapi wakati huo?"

"Kwenye kachumba ka kioo, peke yake. Sisi hatukumsikia, tulifuata mkono wake tu. Hedifoni ya kumsikilizia ilikuwa moja, nayo alivaa Polepole masikioni ili atuongoze."

"Na hao wawili walikuwa vipi?"

"Kiongozi wa bendi alikuwa na mwiko: mapenzi muyaache nje ya mlango. Hao hata salamu walirushiana kwa mbali, kama wanaodaiana." Dobi alitazama mvuke. "Sasa ukiniuliza, naona walizidisha."

"Baada ya hapo Chiriku alifanya kazi gani?"

"Alishona nguo. Alisema ameshamaliza kuimba."

Mpelelezi alimshukuru, akamwomba radhi kwa shati. Mlangoni aligeuka, akamwona mzee amesimama kati ya mashuka meupe, mguu mmoja ukipiga sakafu, akipuliza saksofoni isiyokuwepo.

Mtaa mzima ulikuwa nusu usingizini. Kutoka dirisha moja, na jingine, na jingine tena, sauti nzito iliomba isiamshwe, na mpelelezi alipita chini yake akiwa na gramafoni mkononi, akijihisi kama mtu pekee aliye macho. Hakuwa na furaha. Aliyekuwa amempeleka Baba Moto kwenye nyumba ile ni yeye, na sasa alikuwa anakwenda kumtoa.

Mfamasia alimfungulia kabla hajabisha. Alikuwa amevaa gauni zuri, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto siku ya sikukuu. Mpelelezi hakuwahi kuuona uso huo ukiwa hivyo, akajisikia mchawi.

"Karibu, dada! Umekuja mapema. Baba yuko sebuleni."

Baba Moto alikuwa kwenye kiti kikubwa, ndala mpya miguuni. Alipoiona gramafoni, alimeza mate.

"Mzee, nina maswali mawili matatu," mpelelezi alisema akiketi. "Kabla ya uimbaji ulifanya kazi gani?"

"Kazi? Kazi nyingi. Ujana..."

"Ni moshi, ndiyo. Uliwahi kufanya kiwandani?"

"Labda."

"Kiwanda cha santuri?"

Mzee alitazama ndala zake. "Ndiyo."

"Chumba gani?"

Mfamasia alikuwa amesimama na sinia la vikombe. "Dada, kuna nini?"

"Chumba gani, mzee?"

"Cha lebo," alisema kwa sauti ndogo, ambayo haikuwa nzito hata kidogo.

"Mwimbaji hakai na lebo ambazo hazijabandikwa. Mbandikaji anaweza. Nilipaswa kuliona hilo siku ya kwanza. Kosa la mwendo ni lako?"

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alipoanza kusema, alisema na mfamasia, si na mpelelezi.

"Kabla yake tulikuwa tunachapa lebo za santuri kubwa, zile za thelathini na tatu. Nikasahau kubadili tarakimu. Nilipogundua, mzigo wote ulikuwa umeshatoka, nikanyamaza nisifukuzwe. Kisha nikausikia redioni, unatembea taratibu namna ile. Nilikuwa njiani. Watu wamesimama, mwanangu. Mama mmoja ameweka kikapu chini, amefumba macho. Nikaona kosa langu ni zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa kukusudia." Alizishika ndevu zake. "Nilijua mwimbaji alikuwa binti. Lakini ile sauti nzito haikuwa ya binti, haikuwa ya mtu yeyote. Nikaona haina mwenyewe, nikaichukua."

"Na mimi?" mfamasia aliuliza.

"Huyu aliponiambia nina mtoto, nilitaka kusema hapana. Ulimi ulikataa. Sina mtu, mama. Sijawahi kuwa na mtu."

Vikombe vililia kwenye sinia. Mfamasia aliliweka mezani kabla halijamponyoka, akakaa kwenye ukingo wa kochi, gauni lake zuri likakunjamana.

"Basi sina baba," alisema. "Nilishazoea. Nilizoea miaka yote, mkanipa, mkaninyang'anya. Afadhali msingenipa."

"Haki yako kunilaumu," mpelelezi alisema. "Kosa ni langu. Lakini mama yako hakukudanganya, naomba usikilize."

Alifungua gramafoni, akaangalia swichi mara mbili, akashusha sindano.

Kinanda kiliruka, ngoma zikaja mbio. Mfamasia alikunja uso, kama mtu anayeitwa na mtu asiyemwona. Kisha sauti ikaingia, na akainuka nusu, akakaa tena.

"Huyu..." alisema. "Huyu ni mama. Hivi ndivyo alivyoniita nikichelewa kuamka. Hivi hivi! Nimekaa na wimbo huu maisha yangu yote na mama alikuwa humu?"

Mama yake aliimba, kijana kuliko yeye alivyo sasa, akichezea maneno, akiyarusha juu na kuyadaka. Mfamasia alicheka huku machozi yakimtiririka, hakuyafuta. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili. Sasa ndipo mpelelezi mwenyewe aliposogea mbele, maana kipande hiki naye hakuwahi kukisikia katika mwendo wake.

Chiriku alivuta pumzi, na kwa sauti safi, ya utundu, isiyo na shaka yoyote, akaita:

"Haya, baba mtoto!"

Sio Baba Moto. Haikuwa hivyo hata siku moja.

Kisha kinanda hakikuingia. Ngoma zilizunguka peke yake, gitaa la besi likatembea likingoja, na mahali pa kinanda palikuwa patupu.

"Waliokuwa chumbani hawakumsikia," mpelelezi alisema kwa sauti ya chini. "Mama yako alikuwa nyuma ya kioo. Aliyemsikia ni mmoja tu, aliyevaa hedifoni. Mpiga kinanda."

Mfamasia alimgeukia. "Alikuwa anamwambia."

"Naam."

"Hapa ndipo alipojua?"

"Hapo hapo."

"Kwamba mimi..."

Kinanda kikaingia. Kiliingia kwa mikono yote miwili, kikakanyaga ngoma, kikapanda ngazi na kushuka mbio, kikacheka, kikapiga noti moja tena na tena kama mtu anayegonga mlango wa jirani ausimulie mtaa mzima. Mfamasia alishika kingo za kochi. Hakuondoa macho yake kwenye ile santuri, kana kwamba angeona mtu ndani yake.

Baba Moto alivua ndala mpya, akazipanga vizuri pembeni, akavaa viatu vyake vya zamani. Alichukua mkoba, akasimama, akaanza kwenda mlangoni kwa ncha za vidole ili asimsumbue mtu.

"Keti, mzee," mfamasia alisema bila kugeuka. "Baba hajamaliza kusema."